Kulihoji Jiwe la Lango

Juu ya lango kuu la Ngome ya Yesu mjini Mombasa pana jiwe lililochongwa maneno ya Kireno. Watu wengi hupita chini yake. Huinua macho mara moja, huona herufi wasizozifahamu, kisha huingia ndani kutazama mizinga. Nakuomba, msomaji, usimame nami chini ya jiwe hilo kwa muda. Ndilo nililolichagua liwe kitabu chetu katika somo hili, somo la namna ya kusoma habari za kale, kuzipeleleza na kuziandika.

Jiwe hilo liliwekwa mwaka 1639. Nikiyaeleza maneno yake kwa ufupi na kwa lugha yetu, lasema ya kuwa mwaka 1635 Francisco de Seixas de Cabreira, mtu wa umri wa miaka 27, alifanywa kapteni wa ngome hii kwa muda wa miaka minne. Ya kuwa aliijenga upya, akaongeza na chumba cha walinzi. Ya kuwa aliwatiisha kwa mfalme wake watu wa pwani hii, waliokuwa katika uasi chini ya mfalme wao dhalimu. Lasema tena kuwa aliwatoza kodi wafalme wa Otondo, Mandra, Luziwa na Jaca. Kuwa aliiadhibu miji ya Pate na Sio kwa adhabu isiyotazamiwa, hata akabomoa kuta zake. Kuwa aliwaadhibu Wamuzungulo. Na kuwa huko Pemba aliwaua, kwa shauri lake mwenyewe, watawala walioasi na wakuu wote wa watu. Mwisho lataja ujira wake: cheo katika nyumba ya mfalme, malipo ya kila mwaka, na haki ya kutawala Jaffna, katika nchi iitwayo leo Sri Lanka, kwa miaka sita, na Belgaum kwa miaka minne.

Haya, chukua kalamu. Tuseme umeagizwa kuandika sentensi mbili juu ya Cabreira. Aghalabu mwanafunzi huandika hivi: Cabreira alikuwa kapteni wa Mombasa tangu mwaka 1635. Aliwaadhibu waasi wa Pate, Siu na Pemba, akairudisha amani ya pwani. Tahajia ni safi, tarehe ni sahihi, na mtahini mwenye haraka huenda akampa alama. Lakini tazama vema. Neno "waasi" ni la nani? Neno "kuadhibu" ni la nani? Na hiyo "amani" imetoka wapi, ikiwa haimo hata katika jiwe lenyewe? Mwanafunzi huyo hakuandika historia. Amekuwa tarishi wa Cabreira, anaipeleka barua yake baada ya miaka karibu 400 bila ya kuuliza kilichomo.

Zoezi la kwanza ninalolipenda darasani halihitaji kitu ila ubao na chaki. Naugawa ubao sehemu tatu. Katika sehemu ya kwanza twaandika matendo: alijenga, alibomoa, aliua, alitoza kodi. Katika ya pili twaandika maneno ya kuhukumu: dhalimu, uasi, adhabu. Katika ya tatu twaandika faida: cheo, fedha, utawala. Kisha naifuta sehemu ya pili na kuwataka wanafunzi waiandike habari ile tena kwa maneno yaliyosalia. Hupata kitu kama hiki: kapteni aliyeanza kazi akiwa na miaka 27 alibomoa kuta za miji miwili, akaua wakuu wa Pemba, akatoza watu kodi, naye akapewa cheo na fedha. Habari ni ile ile, wala hapana neno la uongo lililoongezwa. Lakini darasa lililokuwa likisinzia huamka.

Usiishie hapo, kwa maana ni rahisi sana kumgeuza shujaa wa jana kuwa mwovu wa leo na kudhani kuwa kazi ya mpelelezi imekwisha. Swali la pili ni hili: jiwe lilisema na nani? Wenyeji wa pwani waliojua kusoma wakati ule walizoea herufi za Kiarabu. Maneno haya hayakuchongwa kwa ajili yao. Yalichongwa kwa ajili ya askari wa ngome, kwa makapteni ambao wangefuata, na kwa wakubwa waliofika kwa merikebu kutoka Goa, makao makuu ya Wareno katika nchi za Mashariki. Linganisha tena tarehe mbili za jiwe: alipewa kazi mwaka 1635 kwa miaka minne, na jiwe ni la mwaka 1639. Muda wake ulikuwa umetimia. Basi hilo ni hesabu ya mtumishi amalizaye kazi: nimefanya haya, nimelipwa haya.

Ukiisha kufahamu hivyo, utaiona thamani ya jiwe. Mtu ajisifuye mbele ya wakubwa wake hafichi aliyoyatenda, huyatangaza. Cabreira aliona fahari kusema kuwa wakuu wa Pemba waliuawa kwa shauri lake mwenyewe. Kwake yeye huo ulikuwa ushujaa. Kwetu ni ushahidi uliotoka katika kinywa chake kuwa hakungoja idhini ya mtu. Hata mtu wa Pemba aliyeyaona hayo kwa macho asingeweza kulithibitisha jambo hilo kwa nguvu zaidi. Lakini majivuno yana tabia ya kuvimba. Asemapo "wakuu wote", mpelelezi hana budi kutia alama ya kuuliza kando ya neno "wote". Je, hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa safarini, au aliyekimbilia msituni? Hivyo hati moja yaweza kuaminiwa katika neno moja na kushukiwa katika neno lifuatalo. Wanafunzi wengi huudhika wakiambiwa hivyo. Wangependa hati iwe kweli tupu au uongo mtupu, wapumzike.

Sasa fungua ramani. Majina ya miji yamechongwa kama sikio la Mreno lilivyoyasikia. Sio ni Siu, mji ulio katika kisiwa cha Pate mpaka leo. Mandra ni Manda, kisiwa jirani. Jaca, kama wajuzi wengi wadhanivyo, ni Shaka ya pwani ya kaskazini, na Otondo ni Utondwe, iliyokuwa karibu na Saadani katika pwani ya Tanzania ya leo. Wamuzungulo walikuwa watu wa bara karibu na Mombasa. Tia nukta kila mahali ulipopatambua, kisha pima kwa rula kutoka Utondwe mpaka Pate. Utaona kuwa ni zaidi ya kilomita 400. Zoezi hili huchukua dakika chache tu, nalo hufunua jambo ambalo mchongaji hakukusudia kulisema. Alitaka kumsifu mtu mmoja kwa kuwalipisha kodi wote waliokuwa wameikataa. Kumbe ametuachia orodha ya walioikataa, na orodha hiyo imeenea pwani nzima.

Na huyo mfalme dhalimu je? Jiwe halimtaji jina. Hapo ndipo upelelezi utokapo katika jiwe na kwenda kutafuta maandishi mengine.

Jina lake lilikuwa Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan wa Mombasa, aligombana na kapteni wa ngome, akauawa mwaka 1614. Wareno walimpeleka Yusuf Goa angali mtoto. Akalelewa na mapadri wa shirika la Mtakatifu Agostino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa Mombasa awe mfalme chini ya ulinzi wao. Katika mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, kapteni Pedro Leitão de Gamboa akauawa, na Yusuf akarudi katika Uislamu. Wareno waliokuwa mjini, wanaume kwa wanawake na watoto, pamoja na Waafrika waliokuwa Wakristo, waliuawa kwa wingi waliposhikilia dini yao. Mapema mwaka 1632 merikebu za vita zilikuja kutoka Goa kumtoa, zikashindwa. Lakini mwaka ule ule Yusuf aliiacha ngome bila ya kufukuzwa, akaingia baharini na merikebu, na Wareno wakarudi humo. Alitangatanga kwa miaka kadha, akafa mwaka 1638 katika pande za Bahari ya Shamu. Alikuwa maiti wa mwaka mmoja wakati jiwe lilipomwita dhalimu.

Tumeyajuaje hayo? Kwa sehemu kubwa twayajua kwa maneno ya watu walioapishwa huko Goa. Kanisa lilitaka kujua kama waliouawa Mombasa walikufa kwa ajili ya dini, ili wahesabiwe kuwa mashahidi. Lugha yetu ina neno moja, shahidi, kwa mtu aonaye jambo akalisema na kwa mtu afaye kwa imani yake. Hapa mashahidi wa namna ya kwanza waliitwa kusema habari za mashahidi wa namna ya pili. Maneno yao ni hazina kubwa. Lakini waliulizwa walivyokufa wale watu, na kama walikiri imani yao mbele ya upanga. Jambo lililotafutwa halikuwa moyo wa mtoto aliyetengwa na kwao baba yake akiisha kuuawa, wala kodi, wala mwenendo wa makapteni kwa watu wa Mombasa. Hati hujibu lile lililoulizwa. Kwa hiyo huwapa wanafunzi wangu kazi hii: andika maswali matano ambayo wewe ungewauliza watu wale, kisha useme ni nani mwingine ungemwita aulizwe. Mara nyingi jibu la sehemu ya pili hupendeza kuliko ya kwanza. Mmoja humwita mpishi wa ngome, mwingine nahodha wa jahazi, mwingine mama yake Yusuf.

Kisha hutokea mabishano, nami huyaacha yatokee. Je, Yusuf alikuwa dhalimu? Wako wanaosema kuwa alikuwa mpigania uhuru, na wako wanaokumbusha kuwa watoto waliuawa. Naona pande zote mbili zina haki ya kusikiwa, ila kwa sharti moja: kila asimamaye ataje ametoa wapi neno lake. Asiyeweza kutaja na akae kitako.

Pengine utauliza kama watu wa Pate, waliobomolewa kuta zao, hawakuandika neno. Waliandika. Pate ilikuwa na tarikhi yake, habari za wafalme wa ukoo wa Nabahani, mfalme baada ya mfalme. Inasemekana nakala yake ya asili ilipotea mwaka 1890, Waingereza waliposhambulia Witu. Zilizopo leo ni nakala zilizoandikwa baadaye, nyingi zikitegemea kumbukumbu za mzee mmoja wa ukoo ule aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini. Nazo hazilingani katika kila jambo. Humo Wareno wanakumbukwa kwa visima na kwa nyumba ya forodha waliyoijenga, iliyoitwa fandika. Neno hilo ni la Kireno, alfândega, lililokaa kinywani mwa Waswahili mpaka likabadilika sura.

Lakini kuwa tarikhi hiyo ni ya nyumbani hakuifanyi isamehewe maswali. Nayo ilikuwa na mtu wa kumsifu. Yasema kuwa Wanabahani walifika Pate mwaka 600 wa Hijra, ambao ni sawa na mwaka 1204, na wapelelezi kadha wameonyesha sababu za kuitilia shaka tarehe hiyo. Mwanafunzi aliyemhoji Cabreira kwa ukali, kisha akaimeza tarikhi ya Pate kama asali kwa kuwa ni yetu, hajajifunza kitu bado.

Kuna mashahidi wengine wasiotumia karatasi. Katika ngome ile ile, ukutani, vilionekana vielelezo vilivyochorwa na Wareno kwa mkaa na udongo wa rangi, picha za merikebu na za watu. Vyadhaniwa kuwa kazi ya mabaharia au askari, watu wasiokuwa na cheo cha kuchongewa jiwe. Wengine waliandika ushujaa. Hawa walichora vyombo vya safari. Twaweza kukisia kwa nini, mradi tuseme kuwa twakisia. Chini ya maji mbele ya ngome ilizama merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, mwaka 1697, wakati Waarabu wa Omani walipokuwa wameizingira ngome kwa vita vilivyoanza mwaka 1696 na kwisha mwaka 1698. Wazamiaji waliichimbua tangu mwaka 1977, wakatoa vitu vingi ambavyo hapana mwandishi aliyejisumbua kuvitaja.

Hata maneno tunayoyasema ni hati. Chukua neno gereza. Asili yake ni neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Waswahili waliliita gereza jengo lile la Wareno lenye kanisa ndani ya kuta zake. Ngome ilipita mikononi mwa watawala wengi, na tangu mwaka 1895 mpaka mwaka 1958 ilitumiwa kufungia watu. Leo kila Mswahili asemapo gereza hafikirii kanisa kabisa. Mpe mwanafunzi kamusi nzuri na nusu saa, umwambie atafute asili ya meza, bendera, leso na mvinyo, aseme vitu hivyo vyatuonyesha Wareno na Waswahili walikutana mahali gani: vitani tu, au na mezani pia?

Najua kuwa wengi wenu mnaosoma maneno haya mko mbali na Mombasa. Hamhitaji nauli ya gari la moshi. Shule yako huenda ina jiwe la msingi. Linakili neno kwa neno, pamoja na makosa yake kama yapo, kisha liulize maswali yale yale. Limemtaja mgeni aliyeondoa pazia. Je, limewataja waliobeba mawe? Nani alitoa shamba? Kitabu cha ubatizo kanisani, kumbukumbu za mikutano ya chama cha ushirika, makaburi ya msikitini, daftari ya mahudhurio ya miaka iliyopita, vyote ni vya kusomwa, ukiomba ruhusa kwa adabu. Ukifika Nairobi, iko Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, ambamo barua na taarifa za mawilaya zimehifadhiwa.

Na wazee wako. Usimwendee mzee na karatasi ya maswali ishirini kama karani wa kodi. Nenda na swali moja au mawili, ukae, usikilize, ukiisha kutoka uandike upesi kabla maneno yake hayajageuka kuwa maneno yako. Mzee akikuambia kuwa babu yake alizaliwa wakati wa Ng'aragu ya Ruraya, usilalamike kuwa hakutaja mwaka. Ametaja. Hiyo ni njaa kuu iliyowapata Wakikuyu katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na jina lake, njaa ya Ulaya, lakuambia watu waliihusisha na nini. Umepata tarehe na maoni kwa neno moja.

Nirudi kwenye kalamu, maana kupeleleza bila ya kuandika ni kama kuvua na kuacha samaki ufuoni. Zoezi langu la mwisho ni hili. Wanafunzi wanaambiwa wachonge jiwe la pili, kwa karatasi: jiwe ambalo mtu wa Siu wa mwaka 1639 angeliweka mbele ya ukuta wake uliobomolewa. Walimu wenzangu wengine hawalipendi zoezi hili. Husema kuwa ni ngano, na historia si ngano. Nawaelewa. Ndiyo sababu nimeweka kanuni: kando ya kila mstari, upande wa kushoto, mwanafunzi aandike herufi moja. H ikiwa ameukuta mstari huo katika hati, K ikiwa amekisia kwa sababu awezazo kuzieleza, na B ikiwa amebuni. Kisha mistari yote yenye B hupigwa kalamu.

Siku ya kwanza karatasi hujaa vilio, damu na moto, na karibu yote ni B. Inasikitisha kumtazama kijana akiifuta sentensi aliyoipenda. Hurudi kwenye jiwe, hurudi kwenye ramani, huomba kuiona tena tarikhi ya Pate. Siku ya tatu anakuja na mistari minne. Kwamba mji ulikuwa na kuta. Kwamba watu wake walikataa kodi, kama walivyoikataa wengine wengi wa pwani. Kwamba kapteni alikuja mwenyewe, hakutuma mtu. Kwamba kuta zilibomolewa. Mitatu ina H kando yake. Mmoja, ule wa kodi, kijana ameutia K, kwa kuwa jiwe halisemi waziwazi kwamba Siu ilikuwamo miongoni mwa walioikataa, naye ameandika chini sababu za kukisia hivyo.